Tumbo la Darasa

Bismillahi. Sogeeni karibu, maana sauti iliyonibakia ni ya kuchotwa kwa kijiko, na sina nia ya kuimwaga kwa kumpigia kelele mtu aliyekaa mlangoni kama mdai. Harithi, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kichwani. Mishi binti yangu, njoo upande huu ambao jicho bado linaona. Imrani, mjukuu wangu, weka hiyo simu chini. Anayekutafuta atakupata kesho, mimi huenda usinipate. Na huyo mkeo Sabiha mpeni mto aegemee ukuta, anyooshe miguu, asiinuke tena kuosha vikombe, kwa sababu yeye ndiye niliyewaitia, ingawa nyinyi mmekuja mbio mkidhani mnaitiwa nyumba.

Ya nyumba nitayamaliza upesi, maana hayana maneno. Nyumba hii ya mtaa wa Kikuyu aliijenga baba yenu Shaibu kwa faida ya chumvi na mafuta ya taa, tofali la udongo kwanza, la saruji baadaye, na mimi nikikanda udongo kwa miguu hii ambayo leo haiwezi hata kukanda hewa. Mirathi Mungu amekwisha kuigawa, hakuniachia kazi. Shehe Abdulrahim atawasomea kila mtu fungu lake, na nisisikie huko niendako kwamba watu waliolala tumbo moja wamepelekana mahakamani kwa ajili ya dirisha. Sina deni la mtu. Ninalo jambo moja katika theluthi yangu, ile ambayo sheria imeniachia niusie nipendavyo, nalo nitalisema nikilifikia, msinisukume.

Sasa la Sabiha. Mtoto huyu ana mimba kubwa, na mimi bibi yenu leo ndiyo mara ya kwanza kumtia machoni tangu mavuno ya uwele, kana kwamba huko Ipagala mnakokaa ni ng'ambo ya dunia. Kila nikimwuliza Mishi naambiwa amelala, amepumzika, hajisikii. Leo kaja, nimemwona. Kaja amevaa ndala za mumewe kwa sababu viatu vyake havimwingii. Pete ya ndoa haipo kidoleni, na sidhani ameiuza. Uso umejaa kama wa mtu aliyegombana na nyuki. Alipokuwa akiosha kikombe cha pili akashika mwimo wa mlango, akafumba macho, nikamwuliza, naye akaninong'oneza, "Bibi, kichwa kinagonga tangu juzi, na naona vimulimuli." Vimulimuli, wanangu, saa ya adhuhuri, na jua hili la Dodoma linaloweza kukausha mate mdomoni! Na wewe Mishi ukajibu kutoka jikoni kabla sijamaliza hata kumgeukia, "Joto hilo, mama. Mtoto wa kiume huyo, ndivyo wanavyowajaza mama zao." Kwani mimi nilimwuliza nani?

Msinitazame hivyo. Mimi si mganga, si mkunga, shule nilikomea darasa la nne kwa sababu baba aliona nimeshajua kusoma barua na kuhesabu chenji. Sijui kilicho ndani ya Sabiha. Lakini najua walipo wanaojua, na najua walijuaje, kwa sababu walijifunzia juu ya tumbo hili hili mnaloliona limelegea kama kiroba kilichomwagwa unga. Nisikilizeni, na msinikatishe, maana mzee akikatishwa huanza upya, na pumzi ya kuanza upya sina.

Nilipokuwa na mimba ya Harithi, kliniki ya wajawazito ilikuwa banda la bati lenye baraza refu, na upepo wa Juni mnaujua wenyewe, unaingia mpaka kwenye mifupa na vumbi lake, nasi tukikaa kwenye mabenchi tumejitanda khanga mbili mbili, tumebanana kama kuku. Mwalimu wa wanafunzi wa ukunga alikuwa Sista Ruthu, Mgogo wa Mvumi, mwembamba kama mchi, hacheki ovyo, na salamu yake ilikuwa "Mbukwa" hata kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Siku ya kwanza akaniletea msichana, na yule msichana hakuniuliza hali, hakuniuliza jina, akanipandisha blauzi na kunibandika mikono baridi kama tumbo la chura. Nikamwambia, "We binti, unapima mimba au unatafuta sarafu iliyozama kisimani?" Benchi zima likaangua kicheko, msichana akaangua kilio. Mimi nikajifunga khanga nikijua nafukuzwa. Sista Ruthu akanitazama toka utosini hadi kwenye kandambili, akasema, "Mama, wewe una ulimi. Utanifaa."

Tangu hapo nikawa tumbo la darasa. Mimba zote zilizofuata nilizibeba mbele ya wasichana wenye magauni meupe na mikanda ya buluu, waliokuja kwa treni kutoka Tabora, Kigoma, Mwanza, na vikapu vyao na woga wao, na Sista akawafundisha juu yangu. Kwanza salamu. Halafu jina la mama, na ukilisahau unarudi mlangoni unaanza upya. Halafu ruhusa, "Mama, naomba nikuguse," na unangoja jibu, hungoji kwa mdomo huku mkono umeshafika. Halafu unasugua viganja mpaka vipate joto. Na unapobonyeza, macho yako yakae usoni kwa mama, yasikae tumboni, kwa sababu tumbo halikunji uso likiumia. Wakikosea, mimi ndiye niliyewasema, na Sista aliniachia, akasimama pembeni mikono nyuma kama mtu anayesikiliza redio.

Ee, siku zile! Bado naisikia ile harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nakumbuka kile kifaa cha mbao kama faneli, wanakiweka tumboni upande mmoja na sikio upande wa pili, baraza lote linanyamaza, hata anayekohoa anajizuia, na msichana anahangaika, anasogeza, hasikii, anasogeza, hasikii, jasho linamtoka na baridi yote ile, kisha ghafla anasikia. Nimeona mabwana harusi wengi wakifunuliwa bibi harusi, sijaona uso ukibadilika namna ile. Moyo wako wewe Mishi ulisikilizwa na wasichana wengi kuliko taarifa ya habari. Na Idi ilipofika walijaa hapa uani, Waislamu kwa Wakristo, wakala pilau mpaka sufuria ikalia, wakaniimbia nyimbo za kwao, na Shaibu, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka kwenda msikitini mapema akisema nyumba imegeuka kituo cha treni.

Nilipokoma kuzaa nikadhani kazi imekwisha. Sista Ruthu akaja hapa mwenyewe, akakaa kwenye kile kigoda, akasema, "Mama Harithi, tumbo limestaafu, ulimi haujastaafu. Nataka unichezee mama mkwe." Maana alikuwa ameona, na alikuwa na macho huyo mwanamke, kwamba wasichana wake wanajua kupima tumbo lakini hawajui kumfikia mwenye tumbo. Mjamzito wa huku kwetu haji kliniki peke yake. Anakuja na mama mkwe, au wifi, au shangazi, na huyo ndiye anayejibu. Basi akaniketisha kwenye benchi, mwanafunzi mmoja akafungiwa mto tumboni akawa mke wa mwanangu, na wenzake wakaja mmoja mmoja kuuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uliza upesi, nimeacha maharage motoni."

"Mwenzetu ana mimba ya miezi mingapi?"

"Mimba gani? Kashiba huyo."

"Analala vizuri?"

"Kama gunia."

"Na kula?"

"Jana kamaliza mlenda wa nyumba nzima, mpaka paka kalala njaa."

Nao wanaandika! Wanaandika kila ninachosema, vichwa chini, kalamu zinakimbia. Sista anachukua karatasi zao, anazisoma, anazikunja. "Mmeandika ukurasa mzima," anasema, "na mwenye tumbo hajafungua kinywa. Mmempima mama mkwe. Haya, niambieni, mama mkwe atajifungua lini?"

Alikuwapo mmoja tu aliyenishinda, Anastazia, mrefu, wa Kigoma, mpole kama maji ya mtungini. Huyo alinisalimia, akapiga goti kidogo, akasikiliza matusi yangu yote bila kuinua kalamu, halafu akasema, "Mama, mikono yangu ni ya baridi na mimi mgeni hapa, sijui jiko liko wapi. Nisaidie maji ya vuguvugu." Mimi nikainuka! Nani anakataa akiombwa kwa adabu? Niliporudi na kopo langu, yule mke wa mwanangu wa mto alikuwa keshasema yote: kichwa kinamuuma, anakula udongo kwa kificho, mtoto hachezi kama zamani. Nikasimama pale na maji yangu yanapoa, nimetolewa kwenye mchezo wangu mwenyewe na mtoto wa watu, na Sista Ruthu, aliyekuwa hacheki, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mchezo huo niliucheza mpaka meno yakaanza kuniaga. Na sasa nikimtazama yule mama mkwe niliyekuwa nikimwigiza, namwona ameketi hapa upande wangu wa kuona, amevaa khanga niliyompa mimi. Ndiyo, Mishi, wewe. Sikukufundisha hayo. Labda siku zile ulikuwa unachungulia dirishani ukafikiri nasema kweli.

Usiinamishe kichwa, sijakutukana bado. Najua ulikokwazika, nalisema mbele ya hawa ili wasikuone mbaya bure. Ulipokwenda kumzaa Imrani, Sista Ruthu alikuwa amekwisha kurudi kwao Mvumi, na huko ulikokwenda walikuja wanafunzi kundi zima, wakasimama miguuni pako, hapana salamu, hapana jina, hapana ruhusa, mmoja akitafuna kitu. Uliporudi nyumbani hukula, ulikaa umegeukia ukuta, ukaniambia, "Mama, nimeanikwa kama dagaa." Ulikuwa na haki. Ninasema tena, ulikuwa na haki, na waliokufanyia vile wangepita mikononi mwa Ruthu wangechomwa masikio kwa maneno. Lakini hasira yako ni yako, mwanangu. Umeitunza miaka yote hii kama mtu anayetunza kisu, na sasa unamkatia Sabiha.

Maana nimeambiwa, msidhani sikuambiwa. Sabiha alikwenda kliniki mara moja, mimba ikiwa changa, akapokewa na mwanafunzi, msichana tu, asiye na mume, akamwuliza maswali ya mambo ya mume na mke kama kazi yake inavyomtaka, na wewe uliyekaa pembeni ukasema huyu mtoto wa juzi hana haya, ukamshika mke wa mwanao mkono, mkaondoka, na tangu siku ile hajarudi. Na mimba ukaifungia ndani, eti macho ya watu. Mimi nami nilifichwa mimba ya kwanza, mama yangu alinivisha baibui mbili, najua desturi ya kutotangaza, na siidharau, kijicho kipo. Lakini desturi ni kuficha kwa jirani. Hakuna mzee aliyesema umfiche mtu mbele ya mwenye dawa. Wa kale walisema mficha uchi hazai, na hawakusema kwa mzaha, walisema kwa sababu walizika.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa theluthi yangu. Kile chumba cha uani chenye mlango wa buluu. Harithi, najua unataka kukipangisha kwa mtumishi wa serikali, kwa sababu tangu Serikali ihamie huku hata banda la kuku lina mpangaji. Imrani, najua unataka kukigeuza saluni. Sahauni. Nimemwuliza Shehe Abdulrahim, amekipima na fungu langu akasema kinaingia. Chumba kile nakiweka wakfu kwa mwanafunzi wa ukunga asiye na ndugu mjini, akae bila kodi mpaka amalize chuo, akitoka aingie mwingine, awe Mgogo, awe Mha, awe Mkristo, asalimu watu asubuhi na asiwe na muziki wa kelele, masharti mengine sina. Yule Devota anayekaa sasa, binti wa Mpwapwa, abaki. Mkimtoa mwanafunzi mle ndani, mjue mmenitoa mimi kaburini, nami mnajua nikitolewa mahali sinyamazi.

Na kwa kuwa Devota nimemsikia anaanua nguo zake hapo nje, Imrani, inuka ukamwite. Mwambie Bibi anaomba, usimwambie Bibi anataka. Aje na kile kipimo chake cha presha ambacho baba yake aliuza mbuzi kumnunulia.

Harithi, nisogezee shuka. Hapo.

Karibu, mwanangu Devota. Marahaba, Mungu akukuze. Kuna mwenzio pale ukutani anaitwa Sabiha. Hapana, sisemi neno zaidi, kazi ni yako. Nyinyi wengine mtazameni huyu binti. Amepiga magoti ili asimsimamie mtu kichwani. Ameuliza jina. Anasugua mikono. Mishi, unaona? Anaomba ruhusa, na anangoja. Yupo aliyemfunza huyo, na aliyemfunza naye alifunzwa, na siapi, lakini ukifuata uzi huo nyuma vizuri unafika kwenye baraza la bati na kwenye tumbo la mama yako.

Mishi, nyamaza. Ameulizwa yeye. Anastazia alinitoa kwa hila. Mimi sikutoi kwa hila, nakuambia wazi mbele ya kaka yako na mwanao: funga kinywa, kijana ajibu. Sema, Sabiha. Sema, mama. Hakuna atakayekukaripia ningali napumua.

...Tangu lini? Tangu juzi, na hapa chini ya mbavu pia panauma. Mmesikia? Mmekaa naye nyumba moja, mmesikia leo.

Nyamazeni apime.

Mbona unapima tena, Devota? Haya, pima tena. Sikuulizi namba, mimi namba za siku hizi sizijui. Natazama uso wako, na uso wako umeshaniambia. Sema kwa sauti ili hawa wasiseme Bibi alikuwa anaota. "Aende hospitali sasa hivi." Mmesikia? Sasa hivi. Hakusema baada ya alasiri, hakusema tumalize kwanza ya Bibi.

Basi wosia wangu umekatika hapo, na ukatike. Imrani, mbio, kamwamshe Hamza, bajaji yake iko kivulini mbele ya nyumba ya jirani, atakuwa amelala ndani miguu nje. Sabiha asilale chali, Devota anasema ubavu wa kushoto, mlazeni kiti cha nyuma, na Devota aende naye ili awaeleze wenzake alichokiona. Chukueni khanga zangu safi sandukuni, za juu. Sanda iko chini, msije mkakosea.

Unalia nini, Mishi? Unasema unibakie? Unibakie ufanye nini, unihesabie pumzi? Mimi nimekula ugali wangu nimemaliza, sahani imelambwa. Wewe ndiye utakayekwenda naye, na sikutumi kwa adhabu. Utakaa kitandani pake. Watakuja wanafunzi, lazima watakuja, ndivyo wanavyojifunza, nawe usiwafukuze. Lakini wakija bila salamu, wakimfunua bila ruhusa, ulimi unao, umeurithi, Shehe hawezi kuugawa kwa hesabu zake. Utumie hapo. Wafundishe. Waambie wapashe mikono moto. Ulichonyimwa wewe, mpe huyu.

Haya, njoo uniinamie. Radhi zangu unazo, zote, hata zile za siku uliyonivunjia birika. Mungu akupe kumpokea mjukuu wako kwa mikono yako, akupe na mama yake akiwa mzima. Imrani naye, akirudi na Hamza, mwambieni nimemwachia radhi, na mkewe nimemwachia, na kilichomo tumboni nimekiachia, ingawa hatujajuana. Asipewe jina langu kwa huruma. Wampe wanalolipenda.

Nendeni... taratibu kwenye kizingiti... mshikeni.

Harithi, baki wewe. Mtu mmoja anatosha kwa kazi hii. Mtanizika karibu na Shaibu, upande wa miguuni pake, alikuwa anakoroma. Maturubai ya kukodi sitaki. Kipaza sauti sitaki. Sista Ruthu kama bado yu hai huko Mvumi... apelekewe habari. Kama hayupo... nitamwambia mwenyewe.

Fungua mlango. Wote. Nisomee Yasini. Unasoma vibaya, nimekuambia tangu utoto, lakini Mungu anakuelewa... polepole... usiruke.

Subiri. Nyamaza kidogo.

Wamemfikisha? Mbona siisikii bajaji... Hamza huyu na chuma chake... anavuta. Haijawaka. Anavuta tena.

...Tena.

Imewaka. Wamekwenda.

Soma, baba.